Pilipili Husikia Mashineni Tu

Baba Unga alikuwa na nywele nyeusi, lakini watu wengi hawakuzijua. Kazi yake ilikuwa kusaga nafaka. Kuanzia asubuhi hadi jioni kichwa chake kilikuwa cheupe kuliko cha babu yake. Nyusi nyeupe, kope nyeupe, hata ndevu nyeupe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Baba Unga, na jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka minne. Alimwita Pilipili, kwa kuwa alikuwa mdogo lakini mkali. Mama yake Pilipili alifua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni kila asubuhi. Kwa hiyo asubuhi mtoto alishinda mashineni na baba. Mchana alirudi nyumbani kwa mama.

Mashineni, Pilipili alikuwa mtoto wa kuigwa. Mashine ilinguruma mpaka mabati yakatetemeka. Baba Unga aliinama uso kwa uso na mtoto, akapaza sauti huku akipunga mkono kama anayefagia.

"Pilipili! Ufagio!"

Pilipili mbio. Ufagio huu hapa.

"Pilipili! Kamba!" Baba akakunja vidole kama anayefunga mdomo wa kiroba.

Pilipili mbio. Kamba hii hapa.

Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao walimsifu.

"Baba Unga, huyu umemfunza! Wangu mimi nikimtuma huku, anakimbilia kule."

"Nidhamu, dada yangu!" alijibu Baba Unga kwa kelele. "Mtoto anataka nidhamu!"

Alivimba kichwa, bila kujua kinachomngoja.

Sasa twende nyumbani, jioni, tumwone mtoto huyo huyo.

Mama yuko jikoni. Pilipili ameketi kwenye kizingiti cha mlango, ametupa mgongo, anapanga vifuniko vya chupa.

"Pilipili, njoo unawe mikono."

Kimya.

"Pilipili, mwanangu, njoo."

Kimya. Mtoto anaongeza kifuniko kimoja kwenye mstari wake.

Mama alitoka jikoni, akamgusa bega. Pilipili aliruka kwa mshtuko, akaangua kilio. Mama alibaki ameduwaa. Amemgusa tu, mbona analia kama aliyeumwa na nyuki?

Ilikuwa hivyo kila siku. Redio aliifungulia mpaka mwisho. Baba akipunguza, yeye anaongeza. Akiulizwa jambo, anajibu, "Ee?" Akirudiwa, "Ee?" tena. Asubuhi malaika, jioni jini. Baba Unga alijikuna kichwa mpaka unga ukamwagika kwenye sahani.

"Mimi sielewi," alisema. "Kwangu anasikia. Kwako hasikii. Mtoto ni mmoja, masikio ni yale yale mawili. Tofauti ni nini?"

"Hata mimi sijui," alisema mama. "Namwita kwa upole, baba Pilipili. Namwita vizuri kabisa."

"Basi hapo hapo ndipo unapomharibu. Upole umezidi."

Mama aliokota sahani, akaenda kuziosha. Maneno yale yalimkaa moyoni kama mwiba. Usiku alijiuliza: ni kweli? Ni mimi? Mbona nampenda hivi, halafu namharibu?

Wiki hiyo Baba Unga alivua kandambili, akamchapa Pilipili mara mbili mguuni. Kosa lake nini? Aliitwa mara tatu asigeuke. Pilipili alilia huku akimkodolea baba macho mdomoni, kama anayesubiri kuambiwa amekosa nini. Baba Unga hakuyasahau macho yale. Alijisikia vibaya, na kwa kuwa alijisikia vibaya, akazidi kukasirika.

Ndipo alipompigia simu dada yake mkubwa, aliyeishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Dada huyo alilea watoto sita, na alipenda kuwakumbusha watu jambo hilo.

"Kaka, wewe na mkeo mnalea yai," alisema shangazi. "Niletee huku Jumamosi. Akae kwangu mwaka mmoja tu. Ataitika hata kabla hajaitwa."

"Mwaka mzima, dada?"

"Samaki mkunje angali mbichi. Au unangoja akauke?"

Baba Unga alikata simu akiwa amekubali, ingawa hakujua alikubali vipi. Alimweleza mkewe. Mama hakupiga kelele. Alitoa magauni manne ya Pilipili, akayapiga pasi moja moja, akayapanga kwenye begi dogo. Machozi yalidondokea gauni la mwisho, akalipiga pasi tena. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Mtu wa nne kwenye foleni alikuwa Mama Mizani, mhudumu wa afya wa mtaa. Walimwita hivyo kwa sababu ya mizani aliyobeba nyumba kwa nyumba kupima watoto wachanga. Siku hiyo hakuwa na mizani. Alikuwa na ndoo yake ya mahindi kama watu wengine.

Ghafla umeme ukakatika. Mashine ikapunguza mngurumo, ikakohoa, ikanyamaza. Watu wakaguna. Baba Unga alijipangusa uso. Kwa kuwa kelele zilikwisha, hakuona haja ya kupaza sauti.

"Pilipili, niletee ufagio," alisema.

Pilipili alikuwa hatua nne tu kutoka kwake, amempa mgongo, anaokota punje zilizoanguka. Hakugeuka.

"Pilipili. Ufagio."

Punje moja. Punje nyingine. Hakugeuka.

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Wengine wakatazama chini. Baba Unga aliona haya, yeye mwalimu wa nidhamu.

"Kumbe jeuri imehamia na huku!" alisema, akainama kuvua kandambili.

"Baba Unga," alisema Mama Mizani, "hebu nishikie ndoo yangu kwanza."

Ndoo ilikuwa nzito. Baba Unga aliishika kwa mikono yote miwili. Kandambili ikabaki mguuni.

Mama Mizani alikwenda polepole, akasimama nyuma ya Pilipili. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Pilipili, nina biskuti."

Mtoto hakutikisika.

"Biskuti, Pilipili. Nani anataka biskuti?"

"Mimi!" alipiga kelele mtoto mmoja wa miaka miwili, mwisho kabisa wa foleni, mgongoni kwa mama yake.

Watu walicheka. Pilipili aliendelea kuokota punje zake.

Mama Mizani alizunguka, akachuchumaa mbele ya uso wake. "Biskuti?" alisema, na kumwonyesha.

Uso wa Pilipili ulichanua. Akanyoosha mkono.

Hakuna aliyecheka sasa. Baba Unga aliweka ndoo chini.

"Sijaelewa," alisema.

"Mtoto huyu hakusikii vizuri."

"Hapana, hapana. Anasikia! Mashine ikiwaka, kelele zote hizi, namtuma na anakwenda. Itakuwaje mtu asikie kwenye kelele, halafu asisikie kwenye kimya?"

"Mashine ikiwaka unamwitaje? Nionyeshe."

Baba Unga aliinama uso kwa uso na Pilipili, akapunga mkono. "Pilipili! Ufagio!" Sauti yake ilitikisa mabati. Pilipili mbio. Ufagio huu hapa.

Alibaki ameinama vile vile, mdomo wazi.

"Umeona?" alisema Mama Mizani. "Hapa mnapiga kelele wote. Unamtazama, anakutazama. Anasoma mkono wako na mdomo wako. Nyumbani je?"

"Nyumbani mama yake humwita kwa upole," alisema Baba Unga taratibu. "Akiwa jikoni. Mtoto akiwa mlangoni."

Alikaa juu ya kiroba cha mtu bila kuomba ruhusa. Vitu alivyovijua jana vilikuwa vimegeuka juu chini.

"Lakini si kiziwi," alisema. "Anaongea. Redio anaisikia."

"Redio anaisikia ikiwa juu au chini?"

"Juu," alikiri Baba Unga. "Mpaka mwisho."

"Sijasema ni kiziwi. Kusikia si taa, kwamba imewaka au imezimwa. Kuna kusikia nusu. Hebu ziba masikio yako kwa vidole."

Baba Unga akaziba. Mama Mizani akasema maneno fulani.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia mm-mm-mm kesho."

"Nimesema, mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi. Mwenzio Pilipili husikia hivyo siku zote. Niambie, alipata mafua siku za karibuni?"

"Mafua hayamwishi. Tangu majira ya baridi."

"Huvuta sikio?"

"Huvuta. Mama yake alimwambia jirani, jirani akasema atiwe mafuta ya uvuguvugu. Tukatia."

"Msitie tena. Si mafuta, si pamba ya kijiti, si kitu chochote. Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba sana, ni rahisi kuiumiza. Na huku mashineni usimlete. Kelele hizi si nzuri kwa masikio ya mtoto, hata yaliyo mazima. Na wewe mwenyewe tafuta vizibo vya masikio. Unaongea na mimi kana kwamba niko ng'ambo ya mto."

Siku hiyo Baba Unga hakungoja umeme urudi. Alifunga mashine, akambeba Pilipili mabegani hadi nyumbani.

Mama alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka kazini. Begi lilikuwa karibu na mlango. Baba Unga alimweleza yote, akaruka sehemu, akarudi nyuma, akachanganya biskuti na ndoo. Mwishowe mama alielewa.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe."

"Wala si yeye."

"Wala si yeye. Nilimchapa mtoto kwa neno ambalo hakulisikia." Baba Unga alimgeukia mkewe. "Nisamehe. Nilikulaumu kwa upole wako."

Mama alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Kisha akachukua begi, akatoa magauni manne, akayarudisha kabatini.

"Mpigie dada yako simu," alisema. "Mimi nitatafuta kadi ya kliniki."

Shangazi alisema mengi. Baba Unga alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajibu neno moja: "Haji."

Ijumaa daktari alimulika masikio ya Pilipili kwa kifaa chenye taa ndogo. Alimvalisha vidude vya kusikilizia, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Baba Unga alikaa pembeni. Aliona mshale wa kifaa ukipanda na kupanda, na mkono wa mwanawe bado uko chini. Alitamani kuuinua mkono ule yeye mwenyewe.

"Kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili," alisema daktari. "Huwapata watoto wengi baada ya mafua. Sauti inafika kama mtu anayesikiliza akiwa chini ya maji."

"Atapona?" aliuliza mama.

"Mara nyingi majimaji hukauka yenyewe, lakini huchukua wiki, hata miezi. Mrudisheni baada ya miezi mitatu tumpime tena. Yasipoondoka, upo upasuaji mdogo. Akiumwa sikio, akipata homa, au sikio likitoa usaha, msingoje. Mleteni siku hiyo hiyo."

"Na kwa sasa tufanye nini?"

"Msogeleeni. Msimwite akiwa amewapa mgongo. Mguseni taratibu, ngojeni awatazame, ndipo mseme. Zimeni redio. Asikae na mtu anayevuta sigara. Na ongeeni naye sana, maana maneno mengi yamempita."

Haikuwa rahisi. Baba Unga alizoea kutuma watu kutoka upande wa pili wa chumba. Siku za mwanzo alisahau, akapiga kelele, akakumbuka, akaja. Alipata mazoezi ya miguu mengi kuliko kazini. Mama naye aliacha kuita kutoka jikoni. Alikuja mlangoni, akachuchumaa, akahesabu vifuniko pamoja na mwanawe, kimoja kimoja, kwa maneno. Asubuhi Pilipili alianza chekechea. Baba alimwomba mwalimu amkalishe mbele, mahali anapouona mdomo wake. Na kandambili ile ilibaki na kazi yake moja, ya kuvaliwa.

Baada ya miezi mitatu walirudi kwa daktari. Sikio la kulia lilikuwa kavu. La kushoto bado lilikuwa na majimaji kidogo, wakapewa tarehe nyingine. Safari hii mkono wa Pilipili uliinuka, ukashuka, ukainuka tena. Baba Unga alihesabu mara tisa.

Jioni moja, wiki iliyofuata, mama alikuwa jikoni na mikono imejaa povu. Alisahau maagizo yote.

"Pilipili, njoo unawe mikono," alisema kwa upole wake ule ule.

Pilipili alikuwa kwenye kizingiti cha mlango, ametupa mgongo, anapanga vifuniko.

"Siji!" alijibu bila kugeuka. "Nacheza!"

Baba Unga alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye.

"Amekataa," alinong'ona baba. "Umesikia? Amekataa!"

"Nimesikia. Na huo sasa ndio ukaidi wenyewe," alisema mama, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya povu, au labda si kwa sababu ya povu.

Baba Unga alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda mlangoni, akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Mama amesema nini?"

"Amesema ninawe."

"Basi twende wote. Mimi nina unga mpaka kwenye kope."