Ripoti ya Pili ya Ndege Mwewe

Simu ilitetemeka mara mbili mfukoni.

"Kitendawili," ilisema sauti ya Mjomba, jina la kazi la mkuu wake.

"Tega," alijibu Sindano.

"Natembea naye mchana kutwa, lakini simshiki."

"Kivuli."

Simu ikakatika. Katika idara yao kivuli kilikuwa na maana moja tu: mfuate, usimpoteze.

Wa kufuatwa alikuwa hatua thelathini mbele. Suti ya kijivu, mkoba mweusi wa Samsonite. Muuzaji wa ndege za kivita, mgeni mwenye tabasamu la kukodi. Alishuka ngazi za wizara kama mtu aliyebanwa na haja.

Saa tatu na robo asubuhi. Saa nne kamili kamati ingepiga kura.

Mwezi mzima kamati ilikuwa inabishana. Jeshi la anga linunue Kipanga, yenye injini mbili na bei ya kukata pumzi, au Mwewe, yenye injini moja na umbo la bibi harusi? Kanali mmoja alisema Kipanga inakunywa mafuta kama shemeji kwenye sherehe ya bure. Jenerali mwenyekiti akamjibu kwamba Mwewe ni nzuri, ila yeye hakutumwa kununua pambo la sebuleni. Walibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Kisha ikaja ripoti ya majaribio: Mwewe imefaulu yote. Mizani ikainama.

Ila muuzaji alikuwa ameshaanza kusherehekea siku mbili kabla ripoti haijafunguliwa. Ndicho kilichomkosesha Mjomba usingizi.

Maegesho ya chini. Muuzaji alifungua mlango wa gari, akageuka. Mkono wake ukaingia ndani ya koti.

Sindano alikuwa ameshafika.

Goti. Kiwiko. Bastola ya yule bwana ikateleza chini ya gari, na Walther ya Sindano ikatua shingoni mwake.

"Dada, tuongee kama watu wazima."

"Watu wazima hawakimbii. Mkoba."

Ndani yake mlikuwa na ripoti nyingine, jalada lilelile. Sindano akafunua jaribio la saba. Joto likizidi, injini ya Mwewe huzimika ikiwa angani. Huzimika, na haiwaki tena.

Akatoa simu, akafungua picha za ripoti iliyokuwa mbele ya kamati. Mwandiko uleule. Jaribio la saba: imefaulu. Lakini chini yake namba moja ilikuwa imekosewa, ikakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni herufi mbili za sahihi.

Akaikuza picha kwa vidole viwili.

Mwongo wa kawaida angeuandika ukurasa upya. Fundi wa ndege hafuti. Akikosea hukata mstari mmoja tu, kosa libaki linasomeka, kisha hutia sahihi yake. Hufundishwa hilo kabla hajashika spana. Mkono ulikuwa umezoea haki, ukajisahau katikati ya uongo.

Na sahihi ile aliijua. Ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule ya msingi, penye nafasi ya mzazi.

"Zote mbili kaandika mtu mmoja," alisema muuzaji, anacheka na mdomo unavuja damu. "Utawaambia ya kweli ni ipi?"

Alisema kweli, mwana wa watu. Aliyeandika tu ndiye angeweza kusema.

Akamfunga pingu kwenye usukani, akashika redio.

"Mzigo uko nguzo ya tano. Uchukueni."

"Nimekupata. Kuna mwingine?"

"Upo. Naufuata mwenyewe."

Karakana ya jeshi la anga ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kaka yake, fundi mkuu wa injini, alikuwa anafuta bisibisi moja baada ya nyingine na kuzirudisha kila moja mahali pake. Mikono ileile ilimsuka nywele walipobaki wawili duniani, akawa anakwenda shule ananukia grisi na wenzake wanamwita Oili.

Aliiona ripoti mkononi mwa Sindano, na simu yenye picha za ile nyingine.

"Umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?"

"Kama mdogo wako ningekuja Jumapili, Kaka."

Kaka alieleza kwa sauti ya chini. Mwanawe rubani alikuwa kwenye orodha ya watakaoirusha Mwewe kwanza. Wale wageni waliahidi kumchukua kwao, awe mwalimu darasani, asiirushe kamwe. Walichotaka ni ripoti ya pili. Ya kweli aliwapa waichome. Wao wakaitunza, iwe kamba ya kumvutia shingoni.

"Wangu nimemtoa," alisema.

"Na wa wenzako?"

Kaka aliirudisha bisibisi ya mwisho mahali pake, mashavu yamelowa. Mtu mzima analia hivyo, bila sauti, kama paa linalovuja.

Akaomba kitu kimoja: abadili ovaroli, asiingie kwa wakubwa akiwa mchafu. Sindano akageuka ukutani, akamngoja.

Saa nne kasoro dakika tatu waliingia. Kaka alisimama mbele ya meza ndefu, akaeleza ipi ya kweli na ipi ya uongo, na kwamba mwongo ni yeye.

"Huu mstari ndio uliokuchoma," alisema jenerali. "Mbona hukulifuta kosa?"

"Fundi hafuti, mheshimiwa."

Kura ikapigwa. Hakuna mkono hata mmoja ulioinuka kwa ajili ya Mwewe.

Askari wawili wakamchukua kupitia korido walimokuwa wakingoja marubani. Kijana mmoja akasimama ghafla, kofia mkononi.

"Shangazi, wanampeleka wapi baba?"

Sindano akanyoosha mkono amguse bega. Kijana akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, lakini hakuna daraja litakaloifikia.

Nje jua lilikuwa kali. Alishuka ngazi bila haraka, akavaa miwani. Simu ikaita.

"Kazi safi," alisema Mjomba. "Naandika taarifa hapa. Huyo fundi, unamjuaje?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."



"Ungeniambia, nimtume mwingine."

"Mwingine angemfunga pingu."

Akakata simu, akavaa helmeti, akawasha Yamaha. Mlinzi wa geti alimpigia saluti, naye akaipokea kwa kichwa, akashika barabara ya kwenda kwa wifi yake, kabla habari haijamfikia kwa mdomo wa jirani.