Geji Iliyokunywa

Betri ilikuwa juu ya meza ya kazi, nyaya zake zote mbili zimefunguliwa, na ndege ilikuwa kule katikati ya banda, haina umeme hata wa kuwasha taa ya kidole. Lakini mshale wa geji ya umeme ulikuwa umelala kushoto. Katikati ni sifuri. Kulia, betri inajazwa. Kushoto, kuna kitu ndani ya ndege kinakula umeme. Sasa kinakula umeme gani, na betri iko mezani?

Fundi alicheka peke yake, kicheko cha puani. Banda zima lilimwita Fundi Ulimi kwa sababu ya tabia yake moja: hakuiamini mita. Wenzake walipima waya, yeye aliuonja. Umeme ukishazimwa, anagusa ncha ya waya kwa ncha ya ulimi, kidogo tu, halafu anakwambia waya umekufa au bado una uhai. Walimtania kwamba siku moja atawaletea shemeji transfoma. Lakini kazi ikiwashinda walimwita yeye, na yeye hakuwahi kuwaambia "sijui". Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na ndilo lililomponza.

Alifunga geji mpya, nayo ikalala kushoto. Akachomoa fyuzi moja moja mpaka zikaisha. Akausugua waya wa ethi, ule unaoshika bodi ya ndege, kwa msasa mpaka ukang'aa, akafuata kila waya kwa mkono kutoka mkiani mpaka puani mwa ndege akitafuta palipochubuka. Mshale haukutikisika. Wenzake walipokwenda kula mchana, yeye alibaki kwenye kiti cha rubani, kichwa amekiingiza chini ya dashibodi, akauchomoa waya wa geji na kuulamba kama kawaida yake.

Haukuwa na ladha ya shaba. Ulikuwa na chumvi na uvuguvugu, kama kulamba ngozi ya mtu mwenye jasho. Na kabla hajaurudisha ulimi ndani, waya nao ukamlamba.

Alijigonga kichwa akitoka, akakaa anasikiliza. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na sauti ndogo ya mtu anayekunywa chai ya moto: anavuta, anameza, anatulia, anavuta tena. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Fundi alishuka, akajiambia ni njaa.

Kuanzia hapo baridi ikamwingia mwilini. Jua linachoma mabati ya banda, yeye amevaa sweta. Nyumbani mkewe akimpa chai, inapoa mikononi mwake kabla hajaionja. Akipita sebuleni taa inafifia, watoto wanalalamika kwamba leo umeme mdogo. Mkewe akimuuliza, anasema ni mafua. Angesema nini? Aseme geji imemshinda, yeye Ulimi? Au aende kwa bosi, mwanamume mzima mwenye mvi, amwambie kuna jini limemlamba? Bora nife, alijiambia. Na jamani, mtu akisema bora nife, mara nyingi hana maana ya yeye mwenyewe.

Rubani wa ndege ile alikuwa mdogo wake, ndugu wa toka nitoke. Mama yao alipofariki, fundi ndiye aliyemlea, akamsomesha, akasimama mbele ya watu siku aliyopata leseni na kulia bila kujificha. Ndege yao hubeba wagonjwa na dawa, na ilikuwa imesimama kwa sababu ya mshale mmoja. Mdogo mtu alikuwa akija kila siku kuulizia. Alasiri moja akamkuta kaka yake ameketi anaitazama geji, midomo imekauka.

Akamtania, akamuuliza kama geji ile ameshaitolea posa. Akamwambia apishe, na yeye ajaribu bahati yake. Fundi akashuka, akampisha.

Mdogo alipokaa tu, mshale ukainuka taratibu na kusimama katikati, sifuri kamili. Na fundi, pale mlangoni mwa ndege, akahisi joto likimpanda kutoka vidoleni, likaja mikononi, likamwagika kifuani, tamu mpaka machozi yakamlenga. Ndani, mdogo wake alikuwa anajisugua mikono na kulalamika baridi. Nyuma ya dashibodi ile sauti ilinyamaza kidogo, halafu ikaanza tena polepole, kama mtu aliyebadilishiwa kikombe. Fundi aliisikia, na alielewa. Asije mtu akakwambia kwamba hakuelewa.

"Imepona, kaka?" mdogo wake aliuliza, akiutazama mshale.

Fundi alisema, "Imepona."

Bosi alikuja, akamshika mkono, akatangaza kwamba Ulimi ni Ulimi. Mafundi wakapiga makofi na fundi akacheka nao. Jioni alikunywa chai ikiwa moto, na aibu ikamshuka tumboni pamoja nayo. Alijiapiza kwamba kesho atasema. Kesho ikafika, ndege ikaruka, naye akajiambia atasema itakaporudi.

Ikarudi, hakusema. Mdogo mtu alianza kuvaa koti ndani ya joto. Kila safari alirudi amekonda zaidi, macho yameingia ndani. Akawa anasinzia katikati ya maneno. Siku moja alikaa kwenye meza ya kaka yake, akamtazama shemeji yake aliyempikia miaka yote ile, akashindwa kukumbuka amwiteje. Hospitali walimpima, wakasema damu nzuri, moyo mzuri, apumzike. Hakupumzika. Alfajiri alikuwa bandani, anaitaka ndege yake.

Fundi naye alikuwa ananenepa. Alikula vizuri, akalala fofofo, ngozi ikanawiri, na kila aliyemsifu kwa afya alimchoma mkuki. Akawa hawezi kumtazama mdogo wake usoni, wala kujitazama kwenye kioo wakati wa kunyoa.

Mkewe hakuwa mjinga. Alimfuata uani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, wewe umepona siku ileile aliyoanza kuumwa yeye. Mficha uchi hazai. Kuna nini?"

Alimjibu kwamba hakuna kitu, akaingia bafuni na kufungulia maji ili asisikike.

Siku iliyofuata ndege ilitua salama, ikaja mpaka mbele ya banda, injini ikazimwa, na rubani hakushuka. Wakamkuta amekaa, mikono kwenye usukani, midomo ya buluu, macho wazi. Walipomvuta alitoa mlio ambao haukuwa wake, na mapigo ya moyo yakawa yanapotea kila walivyozidi kumsogeza kutoka kwenye kiti, mpaka wakaogopa wakamwacha. Mke wa fundi hakusubiri ruhusa ya mtu. Alimwita binamu yake, mwanamke wa makamo aliyejulikana kwa kutoa majini, na bosi, msomi asiyeamini mambo hayo, akamfungulia geti mwenyewe.

Mganga alipanda, akaweka sikio kwenye dashibodi kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Aliposhuka alikuwa amepauka. Alisema kwa mnong'ono kwamba hapo ubani hautasaidia, kwa sababu huyo hakuingia mwenyewe. Alionjwa, akaonja, kisha akakabidhiwa mtu mwingine. Atatoka kama aliyemkabidhi atatamka mbele ya watu alichofanya. Na afanye haraka, kikombe kinakaribia kwisha.

Mafundi wakatazamana. Mke wa fundi hakumtazama mtu mwingine.

Fundi alisogea mpaka mlangoni mwa ndege. "Mimi ndiye niliyeshughulikia geji," alisema. "Ilikuwa na kasoro. Sikujua kama..."

Mle ndani ile sauti ikavuta kwa nguvu, sasa banda zima likaisikia, ikavuta na kumeza bila kupumzika, na shavu la mdogo wake likabonyea mbele ya macho yao, na harufu ya nywele zilizoungua ikawajaa puani mpaka bosi akajifunika uso, na taa za banda zikafifia moja baada ya nyingine ingawa nje jua lilikuwa bado kali, na mshale ukaanza kuondoka kwenye sifuri ukielekea kushoto, kushoto zaidi, mpaka ukagusa ukuta wa geji na bado ukawa unasukuma.

"Sema tena," mganga alinong'ona. "Safari hii useme kweli."

"Nilijua!" Sauti ilimtoka imepasuka. "Lilikuwa linaninywa mimi. Alipokaa yeye likaniacha, nikaona, nikasikia, nikamwambia imepona. Niliona aibu kusema limenishinda. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mshale ukaruka kulia, kioo kikapasuka. Kitu kikapita katikati yao kuelekea mlango mkubwa, hakikuonekana, ila kila aliyesimama njiani alihisi ulimi wenye uvuguvugu ukimpitia shingoni. Kisha taa zikarudi, na pakawa na sauti moja tu, ya rubani akivuta pumzi.

Rangi ilimrudi polepole. Alipepesa macho, akawatazama wote, mwisho akamwona kaka yake mlangoni, analia.

"Huyo jini alikuwa anaongea na mimi," alisema, sauti ikiwa kavu. "Kila nikiruka. Ananiambia, kaka yako ndiye amekuleta kwangu, kwa nini unang'ang'ania kuishi? Mimi nikawa nambishia. Namwambia wewe ni muongo, kaka yangu namjua mimi. Hilo ndilo nililokuwa nimelishikilia, kaka. Sikuwa na kingine."

Fundi alimnyooshea mkono amsaidie kushuka. Mdogo wake aliutazama ule mkono, wenye afya, wenye joto. Halafu akamwita shemeji yake kwa jina lake, akaegemea bega lake, akashuka kwa mlango wa upande wa pili.