Sauti Juu ya Kabati

Jirani yangu mshona nguo ana masikio ya kusikia sindano ikianguka nyumba ya tatu, na hapo nimempunguzia. Mchana huo alikuwa sebuleni anapinda suruali ya mteja, mwanawe kalala chumbani. Juu ya kabati la chumbani kuna kamera ya kumwangalia mtoto. Aliyeifunga ni kaka yake, Fundi Macho, ambaye kafunga kamera nyingi mtaani mpaka panya siku hizi wanachana nywele kabla ya kutoka.

Mtoto akalia. Mama hajainuka, akasikia sauti chumbani.

"Shh. Lala, mwanangu."

Mtoto kimya.

Mguu wa mshonaji ukagandia kwenye cherehani. Humo ndani walikuwa wawili tu, yeye na mtoto.

Akaingia kwa kunyata. Mtoto anaitazama kamera, anacheka. Kamera ikageuka pole pole, ikamtazama mama.

Akafungua simu yake, pale panapoonyesha nani kaingia kwenye kamera. Zilikuwa simu mbili. Moja yake. Ya pili imeandikwa Fundi Macho.

Akampigia. Kaka mtu akaja hadi chumbani na kicheko kipana kama geti la stendi.

"Dada yangu, umepika?"

"Unafanya nini chumbani kwangu?"

"Chumbani? Si ndiyo kwanza naingia!"

Akamwekea simu puani. Kicheko kikaanguka, ningekuwepo ningekiokota.

"Nenosiri niliacha lile ninaloweka nyumba zote," akanong'ona. "Naingia tu kuona kama inafanya kazi."

"Kila siku? Mimi navua nguo humu, kaka. Nanyonyesha humu. Wezi niliwafungia mlango, wewe nikakushikia ngazi!"

"Nilikuwa naangalia tu. Lakini kuongea, haki ya Mungu, sijawahi."

"Nani kakwambia kuna mtu kaongea?"

Akainama. "Nimemsikia na mimi. Wiki nzima. Nilidhani umepata mgeni."

Wiki nzima! Kaka wa tumbo moja anasikia mtu anambembeleza mpwa wake, ananyamaza ili asijulikane kuwa anachungulia. Mshonaji hakulia. Alimsimamia hapo hapo. Fundi akaondoa simu yake, akabadilisha nenosiri, akaweka na ile kinga ya kutumiwa namba ya siri kwenye simu kabla mtu hajaingia. Ikabaki simu moja. Ya mama. Dada mtu akamnyang'anya kaka simu, akaizima kabisa.

Akaanza kumgombeza upya.

"Punguzeni sauti," kamera ikanong'ona. "Anasinzia."

Fundi akairukia, akang'oa waya ukutani. Kitaa cha kamera kikazimika. Jasho linamtiririka, ungefulia mablanketi.

"Ondoka nayo," dada akasema. "Usikanyage tena hapa."

"Dada, hata kukiwa na msiba?"

"Hata ukiwa wangu."

Alikuwa mlangoni, kamera kaibana kwapani, waya unaburuta, simu ya mama ilipotetemeka. Picha imeingia. Imepigwa sasa hivi, kutoka juu ya kabati. Fundi yuko mlangoni, kamera kwapani. Mama kaishika simu. Mtoto kainua mikono juu, kama anayesubiri kubebwa.

Mama akamkwapua mtoto. Kisha akapanda kiti, akachungulia juu ya kabati.

Hakuna mtu. Vumbi tu. Na kwenye vumbi, alama za viwiko viwili, bado zina unyevu.