Kundi Moja Halitoshi

Jua halikuwahi kumkuta Verlyn Tollefsrud kitandani. Ng'ombe wake walikamuliwa asubuhi na jioni, hata theluji ilipofunika madirisha ya zizi. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yake, nayo ilifuatwa. Lakini asubuhi hiyo mkewe, Janelle, alimkuta amesimama tu, mashine ya kukamulia ikining'inia mkononi.

"Daktari amepiga simu tena," alisema Janelle. "Anataka jibu."

"Jibu nilishampa."

"Ulimpa lako, Verlyn. Langu bado."

Binti yao Britta, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa na uvimbe wa saratani mguuni. Dawa za kwanza hazikumfaa. Sasa madaktari walitaka kusoma jeni za uvimbe huo, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili. Walitaka pia kuweka taarifa zake katika hifadhi ya pamoja, ambamo hospitali nyingi hulinganisha taarifa za watoto wenye saratani. Dawa nyingine isipopatikana, mguu ungekatwa. Hata hivyo, Verlyn alikataa. Katika bonde lao la Wisconsin, ugonjwa wa nyumbani haukutajwa hata kwenye kahawa ya baada ya ibada.

Jioni alifika jirani yao, Ardis Halvorsen, aliyefanya kazi ya kuchambua taarifa katika hospitali ya mjini. Alibeba bakuli la viazi na nyama ya kuoka, kwa kuwa nyumba yenye mgonjwa haiingiwi mikono mitupu.

"Kama umetumwa na daktari," alisema Verlyn, "acha chakula, urudi kwako."

"Nimetumwa na njaa. Mume wangu amepika tena wale samaki wake waliolowekwa magadi, wanaoteleza kama sabuni. Afadhali nije kutukanwa hapa."

Janelle alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Wakaketi kula.

"Hebu niambie, jirani," alianza Ardis. "Yule fahali ambaye mbegu zake ulizinunua mwaka huu, ulijuaje kuwa ni mzuri?"

"Swali gani hilo! Binti zake wamepimwa maziwa."

"Walioko kwako?"

"Kwangu wako wawili tu, niliowanunua. Wawili watathibitisha nini? Wengine wametapakaa nchi nzima. Kila mfugaji hupeleka vipimo vyake, vinajumlishwa, ndipo fahali anajulikana. Kundi moja halitoshi, Ardis. Hata mtoto analijua hilo."

Janelle aliweka uma chini. "Rudia hayo, mume wangu. Polepole."

Verlyn alisukuma sahani yake kando. Masikio yake yakawa mekundu.

"Uvimbe kama wa Britta ni nadra," alisema Ardis kwa upole. "Hospitali moja yaweza kukaa miaka bila kuuona. Peke yetu hatujui kitu."

"Na kila mtu amsome binti yangu kama gazeti?"

"Hapana. Jina na anwani huondolewa. Taarifa hukaa katika kompyuta kubwa zinazolindwa, zinazofikiwa kwa mtandao. Wenyewe huziita wingu. Mtafiti huomba ruhusa kwa kamati na kueleza anachotafuta. Akikubaliwa, huchambua humo humo. Haruhusiwi kuondoka nazo."

"Hakuna mwizi anayeweza kuingia?"

"Sitakudanganya. Hakuna kufuli lisilovunjika. Ndiyo maana mzazi huulizwa kwanza. Ukibadili nia baadaye, unaweza kujitoa. Kilichokwisha kutumika tu ndicho hakirudi."

"Na wakilinganisha wasipate kitu?"

"Huwatokea wengi. Lakini taarifa za Britta zitabaki pale, zikimngoja mwenzake."

Verlyn alitazama mlango wa chumba alimolala bintiye. "Mpigie daktari, Janelle," alisema. "Mwambie tunakubali."

Baada ya wiki kadhaa jibu lilikuja. Watoto wachache, katika nchi tofauti, walikuwa na kasoro ileile ya jeni. Kwa wengi wao, dawa fulani ya kunywa ilikuwa imepunguza uvimbe. Britta aliinywa huku amekunja uso. Uvimbe ukanywea, na mguu ukabaki. Kufikia kiangazi alikuwa akikimbiza ndama hadi mama yake akakauka sauti kwa kumgombeza.

Siku moja daktari alipiga simu. Alisema kwamba taarifa za Britta zilikuwa zimesaidia kumchagulia dawa mtoto mwingine, mbali sana.

"Mtoto wa nani?" aliuliza Verlyn.

"Hatuambiwi."

"Vizuri," alisema Verlyn. "Ndivyo inavyotakiwa."

Akavaa buti zake, akaenda kukamua.