Maziwa ya Tarehe Tisa

Asila Haroub alikuwa afisa uhusiano wa kiwanda kimoja cha maziwa Unguja. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu habari za kiwanda. Aliandika matangazo, alijibu simu, alizungumza na watu wa redio. Mumewe, Mazin, aliendesha gari la kiwanda hichohicho. Kila asubuhi alipeleka maziwa ya paketi madukani.

Walikaa Mpendae, ukuta kwa ukuta na shoga yake Asila, Zuleikha. Zuleikha alikuwa na mtoto mmoja, Reem, wa miaka mitatu. Reem hakujua kwao ni wapi na kwa Asila ni wapi. Aliingia mlango wowote aliouona wazi, akakaa, akadai chai.

Asila aliandika vizuri na sauti yake ilipendeza. Ndiyo maana alitolewa mapokezi akapewa kazi ile. Lakini hakuwahi kufundishwa. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Bi Khairiya, aliyekuwa akiendesha mafunzo ya maafisa uhusiano pale Kiponda, Mji Mkongwe. Mara mbili alimpelekea Asila barua ya mwaliko. Mara mbili Asila aliitia barua chini ya mafaili.

"Kusema nako kunafunzwa?" alimwambia Mazin, akacheka. "Mie tangu nna miaka miwili nasema."

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, simu ya ofisi ya kiwanda, mtaa wa Malindi, ililia. Mama mmoja alisema mwanawe ametapika usiku kucha baada ya kunywa maziwa. Kabla Asila hajaweka simu chini, ikalia ya pili. Kisha ya tatu. Wote walikuwa watu wa Mpendae na mitaa ya jirani.

Asila aliweka simu chini. Akaenda mbio kwa meneja, Bwana Wakil.

"Bwana Wakil, watu wanasema watoto wanaumwa. Wanasema ni maziwa yetu."

Bwana Wakil hakuinua uso. "Watoto wanakula kila kitu. Embe mbichi, barafu za njiani. Kwa nini iwe maziwa?"

"Niwajibu nini?"

"Waandikie hakuna tatizo. Uvumi huu, ukiupa nafasi, unatumaliza."

Asila alitaka kuuliza zaidi. Aliogopa. Akarudi mezani pake, akaandika: "Maziwa yetu ni salama kabisa. Tunawaomba wateja wapuuze uvumi." Akalituma tangazo kwenye makundi yote ya watsap aliyokuwamo. Watu wengi wakamshukuru. Roho ikamtulia kidogo.

Saa nne na nusu simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Zuleikha. Sauti yake haikuwa sauti anayoijua.

"Asila, njoo hospitali. Reem."

Alimkuta Reem kitandani, macho yamezama, midomo imekauka. Mkononi alikuwa amewekewa dripu. Asila alimwita. Mtoto hakugeuka.

"Kaanza lini?" aliuliza Asila.

"Jana jioni alitapika mara moja. Nikawacha kumpa maziwa. Watu walisema maziwa yana kitu." Zuleikha alimtazama usoni. "Leo asubuhi nikasoma tangazo lako. Nikasema, Asila hawezi kunambia uongo. Nikampa paketi nzima."

Asila akashika chuma cha kitanda.

"Toka," alisema Zuleikha polepole. "Toka, Asila. Sitaki nikwambie neno baya mbele ya mtoto."

Nje ya wodi Asila alifungua simu. Makundi yaleyale ya watsap yalikuwa yanachemka. Mmoja ameandika watoto watatu washakufa. Mwengine ameandika kumi. Mwengine amesema maziwa yametiwa sumu makusudi. Hakuna aliyejua kitu, na kila mmoja alisema kama aliyeona kwa macho yake.

Kisha Mazin akapiga. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi.

"Asila, nilikuwa nnatoka dukani Mpendae, watu wamelizunguka gari. Wanataka nishuke. Wanasema mie ndiye niliyeleta sumu."

"Usishuke! Funga milango!"

"Nshafunga. Sheha wa mtaa kaja, anawasemesha. Lakini wanapiga vioo." Simu ikakatika.

Asila alisimama pale. Nani atamsaidia? Hata polisi wakija, hawawezi kumwambia mama kama amtapishe mwanawe au asimtapishe. Ndipo alipoikumbuka barua iliyo chini ya mafaili. Kutoka hospitali mpaka Kiponda ni mwendo wa miguu. Alikwenda nusu mbio, buibui likimkamata miguuni.

Bi Khairiya alikuwa peke yake chumba cha juu, anafuta ubao. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwepesi, miwani juu ya paji la uso. Alikuwa amefanya kazi ya uhusiano miaka ishirini na tano, bandarini na hospitalini.

"Shikamoo, Bi Khairiya. Mie Asila, wa kiwanda cha maziwa."

"Marahaba. Nshasoma tangazo lako. Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Kaa, mwanangu. Mtu anayetetemeka hasikii."

Asila akakaa, akaeleza yote, machozi yakimtoka. Bi Khairiya alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ulipoandika kuwa maziwa ni salama, nani aliyakagua?"

"Hakuna."

"Basi hukutoa habari. Ulitoa dua." Bi Khairiya akashusha miwani. "Sikiliza. Watu wakiogopa halafu wewe ukanyamaza, watajijibu wenyewe, na jibu watakalojipa litakuwa baya kuliko ukweli. Ukiwadanganya ndiyo mbaya zaidi, maana kesho ukisema kweli hawatakuamini. Sasa unajua nini kwa hakika?"

"Sijui kitu."

"Unajua. Watoto wanaumwa, umemuona mmoja kwa macho yako. Wamekunywa maziwa yenu. Hilo tu linatosha kuwaambia watu wasiyanywe kwanza, mpaka ijulikane. Huhitaji kusubiri maabara kumwambia mama aweke paketi chini."

"Wakiuliza sababu?"

"Ukijua, sema. Usipojua, sema sijui. Si aibu. Lakini sijui peke yake haitoshi. Waambie nani anatafuta jibu, na saa ngapi utarudi kuwaambia. Na saa hiyo ikifika, rudi. Hata kama mikono mitupu, rudi."

"Na tangazo langu la asubuhi?"

"Utalitaja. Usilifute kimyakimya, watu wanalo kwenye simu zao. Sema ulikosea."

Asila alifunika uso. "Watanila nyama, Bi Khairiya."

"Huenda. Lakini wakikukasirikia hali wanamwaga yale maziwa, si bora? Waambie mtu afanye nini kwa mikono yake, sasa hivi. Paketi gani, aitambue vipi, aipeleke wapi, mtoto akitapika amkimbize wapi. Maneno mengine baadaye. Nenda. Mimi nitazungumza na watu wa redio wakae tayari, lakini usitume kitu mpaka umeuliza ukweli huko kiwandani."

Asila alirudi ofisini, akamkuta Bwana Wakil amesimama dirishani.

"Bwana Wakil, chumba cha baridi kilizimika?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyenambia. Maziwa hayaharibiki bure, ndiyo nnauliza."

Bwana Wakil aligeuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Jumamosi. Umeme ulikatika na jenereta haikuwaka. Kwa muda wa saa saba chumba hakikuwa na baridi. Maziwa yaliyofungwa Jumapili, tarehe tisa, yametokana na yale yaliyokuwamo."

"Tuwaambie watu."

"Ukisema hivyo kiwanda kimekwisha! Na wewe kazi huna."

Asila aliogopa kweli. Mshahara wake na wa Mazin ulitoka mlango mmoja. Lakini alimuona akilini Reem pale kitandani, na hakuondoka.

"Nyumbani kwako mnakunywa maziwa gani, Bwana Wakil?"

Bwana Wakil alibadilika uso. Alitoa simu mfukoni, akapiga. "Yale maziwa niliyoleta Jumapili," alisema haraka, "yamwageni. Msimpe mjukuu. Yote, mwageni yote!" Akakata. Akabaki anaitazama simu mkononi.

"Sasa," alisema Asila, "hao wengine nani atawapigia?"

Bwana Wakil alivuta kiti, akakaa kwa uzito. "Andika," alisema. "Nitatia saini."

Wakaguzi wa afya waliitwa kwanza, wakaja wakachukua maziwa ya kupima. Tangazo lilikuwa fupi. "Usinywe wala usimpe mtoto maziwa yetu yenye tarehe tisa. Tarehe imepigwa chini ya paketi, kwa wino wa buluu. Yarudishe duka lolote. Mtoto aliyeyanywa akitapika au kuharisha, mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani umnyweshe maji kidogo kidogo. Chumba chetu cha baridi kiliharibika Jumamosi. Bado hatujui kama ndiyo sababu. Wakaguzi wa afya tumewaita na wanapima. Asubuhi niliandika kuwa maziwa ni salama. Nilikosea, niliandika kabla ya kuhakikisha. Nitarudi kwenu saa kumi na moja jioni ya leo. Asila Haroub."

Redio ililisoma saa saba. Baada ya sala ya alasiri lilisomwa kwenye vipaza sauti vya misikiti ya Mpendae. Lakini Asila hakusubiri alasiri. Mara tu tangazo lilipokwenda, alipanda bodaboda akaenda kwa Mazin.

Gari lilikuwa bado limezungukwa. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Alimuona mumewe ndani, jasho linamtiririka. Sheha alimpa Asila nafasi mbele ya watu.

"Mie ndiye niliyeandika yale maneno ya asubuhi," alisema. "Si huyu dereva. Huyu anabeba anachopewa."

Paketi ilirushwa. Ikampasukia begani, maziwa yakamiminika kwenye buibui. Asila aliinama, akaiokota, akaipindua juu.

"Hii ni ya tarehe tisa," alisema. "Ndizo hizi tunazozitaka. Nani ana nyengine? Zileteni hapa. Mwenye mtoto anayetapika asisimame hapa na mie, ampeleke hospitali sasa hivi. Gari hili litampeleka."

Mama mmoja alikuwa nyuma amebeba mtoto kwenye kanga. "Wangu huyu," alisema. "Tangu asubuhi." Watu wenyewe wakampisha. Mazin akafungua mlango, akamchukua yeye na mtoto. Hakuna aliyeligusa gari tena.

Wengine waliingia majumbani. Mmoja alirudi na paketi nne. Mwengine alileta chupa ya mtoto iliyokwishatiwa maziwa. "Nilikuwa namsubiri aamke," alisema.

"Wangapi wamekufa?" aliuliza mzee mmoja.

"Nimeuliza hospitali. Hakuna aliyekufa. Waliolazwa ni tisa."

"Na sumu?"

"Hilo sijalijua. Wanapima. Saa kumi na moja n'takuja hapahapa."

Saa kumi na moja majibu ya maabara yalikuwa hayajaja. Asila alitamani asiende. Nani anataka kusimama mbele ya watu mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili hana la kusema? Alikwenda. Alisema, "Majibu bado. Waliolazwa sasa ni kumi na mmoja, wote wanaendelea. Kesho saa tatu n'tarudi." Watu waliuliza maswali. Hakuna aliyerusha kitu. Na kwenye watsap, wale waliohesabu maiti walikosa wa kuwasikiliza.

Majibu yalitoka siku ya pili. Haikuwa sumu. Maziwa yalikuwa yameharibika kwa kukosa baridi. Watoto wote kumi na mmoja walirudi kwao. Reem alikuwa wa mwisho, siku ya nne.

Zuleikha hakumsamehe haraka. Wiki tatu alipita mlangoni kwa Asila bila kugeuza shingo. Asila hakumlaumu. Alimwendea mara moja tu, akasema, "Kunradhi, Zuleikha. Sikuuliza, na ilinipasa niulize." Akaondoka bila kungoja jibu.

Mwezi uliofuata alikwenda Kiponda, akakaa mstari wa mbele. Siku tano aliandika mpaka kidole kikamuuma. Alijifunza kuulizia kabla ya kuandika. Alijifunza kuwa na orodha tayari ya madaktari, masheha, maimamu na watu wa redio, kabla siku mbaya haijafika. Bi Khairiya aliwasimamisha mmoja mmoja mbele ya kamera, akawauliza maswali makali. Asila alitoka jasho, akakosea, akarudia. Kisha akamleta Bwana Wakil mwenyewe kwa siku moja. Meneja alilalamika asubuhi, na jioni aliomba nakala ya mafundisho.

Wiki moja kabla ya Ramadhani, saa kumi na mbili asubuhi, Bwana Wakil alimpigia Asila. "Mashine ya kufungia paketi imeharibika," alisema. "Baadhi ya paketi za jana hazikufungika vizuri. Njoo uzione mwenyewe kabla hujaandika kitu."

Asila alikwenda. Aliziona, alizishika, aliuliza ni ngapi na zimekwenda maduka gani. Saa moja na robo tangazo lilikuwa tayari. Alilisoma tena kutoka mwanzo. Kila neno alikuwa amelihakikisha.

Akalituma.

Kufika adhuhuri paketi zote isipokuwa sita zilikuwa zimerudi, na hizo sita zilijulikana ziko nyumba gani. Siku ile, Mpendae nzima, hakuna mtoto aliyeumwa.