Damu Changa ya Mzee Manjano

Mwokaji mikate wa mtaa ule aliitwa Manjano tangu ujana, kwa sababu weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano. Dada yake naye alikuwa hivyo hivyo. Watu walitania, wakazoea.

Siku moja alirudi kutoka kliniki akitembea kifua mbele.

"Mama watoto, nikatie kipande kikubwa cha keki!"

Mkewe alikuwa dirishani akiuza mikate. Alimkata jicho. "Na kisukari chako je?"

"Kimenikimbia! Kipimo cha miezi mitatu kimetoka safi kama cha kijana. Hata vidonge naacha."

"Mbona kimashine cha nyumbani asubuhi kimesema kumi na nne, wakati haitakiwi kupita saba, na hujatia kitu mdomoni?"

"Kimezeeka. Kinaropoka kama mjomba wako."

"Mwache mjomba wangu! Na miguu yako inayokufa ganzi? Juzi kaa la moto limekuangukia, umejua baada ya kunusa ngozi ikiungua. Mguu ukikatwa, mume wangu, utasimama na nini mbele ya tanuri?"

Manjano aliinama akautazama mguu wake. Kidonda kile kilikuwa bado kibichi. Keki ilibaki kabatini.

Kesho yake walikwenda kliniki wote wawili, na kimashine mkobani. Daktari, mwanamke kijana, alimpima Manjano kwa mashine yake, kisha kwa kimashine chao. Majibu yakalingana.

"Kimashine chenu ni kizima," alisema. Kisha akamtazama machoni. "Mzee wangu, macho haya yako hivi tangu lini?"

"Tangu zamani, binti yangu. Ndilo jina langu."

Daktari alituma damu yake maabara ikatazamwe kwa hadubini. Majibu yalipofika, alivuta kiti karibu.

"Chembe nyekundu za damu huwa bapa, zimebonyea katikati, kama donge la unga ulilolibonyeza kwa kidole gumba. Hujikunja zikapenya njia nyembamba. Zako nyingi ni za mviringo kama mpira. Umerithi. Zikifika kwenye bandama zinakwama, zinavunjwa. Zikivunjika ndipo macho yanapata umanjano. Chembe ya kawaida huishi kama miezi minne. Zako hufa mapema."

"Zinakufa? Kumbe mimi ni maiti ninayeuza mikate!"

"Hapana, mzee," daktari alicheka. "Mwili wako unatengeneza nyingine kila siku."

"Sasa sukari inaingiaje hapo?" aliuliza mkewe.

"Kipimo cha miezi mitatu hutazama sukari iliyonata kwenye chembe. Chembe ikiishi siku nyingi, sukari nyingi hunata juu yake. Zake ni changa mno. Sukari haijapata muda wa kunata."

Manjano alipiga paja. "Aproni! Nikibadili aproni kila saa, mgeni ataniona msafi, atadhani jikoni kwangu hakuna unga. Kumbe unga umejaa tele!"

"Hapo hapo, mzee. Na si umbo la kurithi tu. Malaria, selimundu, bandama iliyovimba, hata dawa fulani kwa baadhi ya watu, zote hufupisha maisha ya chembe. Mwenye kisukari akiwa na tatizo lolote la damu, amwambie daktari kabla ya kuamini kipimo hicho. Na dawa haiachwi bila kuuliza."

"Umesikia?" mkewe alimchoma kwa kiwiko.

"Nimesikia. Masikio hayana ganzi."

Daktari alimsafisha kidonda, akamwongezea dawa. Alimwambia ategemee kimashine, na kliniki itampima kwa njia nyingine isiyojali umri wa chembe. Alimwagiza pia amlete dada yake.

Dada alikuja, akakutwa na chembe za namna ile ile. Kidonda kilifunga taratibu. Manjano akawa anavaa viatu vilivyofunika mguu wote, na kila jioni mkewe alimkagua nyayo. Sukari ilianza kushuka, na majivuno yakarudi. Kila asubuhi alijipima kando ya tanuri, akapaza sauti hadi dirishani ili mkewe asikie.

Asubuhi moja alinguruma, "Sita na nusu!"

Foleni nzima ikashangilia. Mteja mgeni alitazama huku na huku, akachungulia ndani kwa furaha.

"Mkate umeshuka bei hivyo? Basi nipe kumi!"