Unga wa Mbao Uliolowa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adero alifagia ua wa nyumba yao ya Kasubi, kisha akampelekea Mama Mbambu ndoo ya maji moto ya kumwogeshea mtoto wake mchanga. Mama Mbambu na mumewe, Fundi Kakule, walikuwa wapangaji kutoka Zaire. Walikaa chumba cha nyuma. Maji yalitoka katika tangi la umeme lililofungwa bafuni. Baba yake Adero, Mzee Owino, alijivunia sana tangi hilo. Alikuwa mfanyakazi wa reli, na alijinyima muda mrefu mpaka akainunua nyumba ile.

Mwaka huo umeme ulikuwa haba Kampala, kama sukari na sabuni. Redio ikatangaza sheria mpya: kila mwenye nyumba aliye na tangi la maji moto alivike, ili joto lisitoroke na umeme usipotee bure. Tangi lisilovikwa lingekatwa waya. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na hakuna aliyengoja kuambiwa mara ya pili.

Fundi Kakule, ambaye alikuwa seremala, akatengeneza sanduku la mbao kulizunguka tangi. Kisha akaleta magunia ya unga wa mbao wa kujaza katikati.

"Adero, uuanike unga kwanza, upigwe na jua," baba yake alimwambia Jumamosi akienda kazini. "Halafu ujaze na kushindilia. Angalia unga usilowe. Ukiwa na maji hauzuii joto, unalipitisha tu."

"Ndiyo, Baba."

Adero aliutandaza unga juu ya mikeka na kukaa kando yake. Mara Alum, rafiki yake wa nyumba ya jirani, akachungulia uani.

"Adero, twende tukacheze kwepena! Timu yetu imepungua."

"Nina kazi."

"Kazi gani? Kulinda vumbi lisiibiwe?"

Adero alicheka, akainuka, akaenda. Mchezo wa kurushiana mpira na kukwepa ulikuwa umenoga mvua iliponyesha. Alipofika nyumbani mbio, unga ulikuwa umelowa kama uji. Hakujua la kufanya. Aliuzoa hivyo hivyo, akaushindilia sandukuni, akafunika.

"Ulikauka vizuri?" baba yake aliuliza jioni.

"Vizuri kabisa, Baba."

"Ahsante, mwanangu. Umenisaidia." Shukrani hiyo ilimchoma Adero kuliko kofi.

Jumatatu mkaguzi wa umeme alikuja pamoja na askari mwenye bunduki. Mkaguzi aliweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa na joto, na maji yalidondoka chini yake. Alifunua, akachota unga na kuukamua. Maji yakatoka katikati ya vidole vyake.

"Nani alileta hii unga?" askari aliuliza.

"Mpangaji wangu, afande," alijibu Mzee Owino. "Kakule."

"Mzaire? Anaharibu umeme ya serikali? Ijumaa tunarudi. Kama hii kitu iko hivi hivi, tunaenda na yeye."

Adero alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi hatua moja, akajificha nyuma ya mlango. Mkaguzi akakata waya wa tangi, wakaondoka.

Jioni Mzee Owino alimwita mpangaji wake. "Fundi, kwa nini umeniletea unga wenye maji?"

"Baba Adero, miye nilileta unga wa kukauka. Niliushika na mikono yangu hii."

"Basi maji yameingiaje? Tafadhali, tafuta chumba kingine kabla ya Ijumaa. Sitaki matatizo na askari."

Fundi Kakule aliinamisha kichwa, akarudi chumbani kwake.

Asubuhi Adero alimkuta Mama Mbambu akipuliza kuni mbichi ili apashe maji. Mtoto alikuwa akikohoa kwa moshi. Mlangoni palikuwa na furushi lililokwisha kufungwa.

"Leo usijisumbue na ndoo, mwanangu," Mama Mbambu alisema. "Umetusaidia sana. Mungu akubariki."

Adero alishindwa kumtazama usoni. Alikimbia hadi kwa baba yake.

"Baba, Fundi hana kosa. Ni mimi. Niliuacha unga nikaenda kucheza, ukanyeshewa."

"Mbona hukusema askari alipokuwa hapa?"

"Niliogopa. Halafu nikaona haya. Kila nilipozidi kunyamaza, haya nayo ilizidi."

Baba yake alimshika mkono, wakaenda chumba cha nyuma. "Fundi," alisema, "nimekukosea. Mtoto wangu ndiye aliyelowesha unga. Nisamehe. Msihame."

Adero, huku akilia, alieleza jinsi Alum alivyomcheka kuwa analinda vumbi, naye akauacha unga na kwenda kucheza. Fundi Kakule alimtazama. Kisha akaanza kulifungua furushi. "Amesema mwenyewe, inatosha," alisema. "Lakini kuanika tena, ni yeye. Na ule Alum naye aje kulinda vumbi."

Siku zilizofuata, kila walipotoka shule, Adero na Alum waliugeuza unga juani mpaka ukachuruzika kama mchanga mkavu. Hawakuondoka hapo hata kidogo. Alhamisi wakaushindilia tena sandukuni.

Ijumaa askari aliuliza, "Ule Mzaire iko wapi?"

"Yuko nyumbani kwake, afande," Mzee Owino alijibu. "Kosa lilikuwa la watu wangu, na mwenye nyumba ni mimi."

Mkaguzi aliunganisha waya kujaribu, akangoja mpaka maji yakapata moto, kisha akagusa sanduku kila upande. "Ni baridi," alisema. "Joto limebaki ndani." Safari hii hakuukata waya.

Walipokwisha kuondoka, Mzee Owino alimketisha binti yake. "Mvua ingeweza kumlowesha yeyote, Adero. Lakini uliposema unga ni mkavu, ulidanganya. Na uliponyamaza, ulimtwisha mwenzako mzigo wako. Nami nilimhukumu mtu kabla ya kuuliza ndani ya nyumba yangu. Kosa liseme mapema, kabla halijampata mwingine."

Kesho yake Adero alibeba ndoo hadi chumba cha nyuma, macho yakiwa chini. Mama Mbambu alitia mkono majini, akatabasamu. Kisha akamnyooshea mtoto.

"Mshike vizuri," alisema, "nimwogeshe."